Kimea, Kimeng'enya na Kichocheo: Historia Fupi ya Istilahi za Kugeuza Mimea kuwa Sukari

UTANGULIZI

Miongoni mwa kazi kubwa walizozishika wanakemia wa zama hizi ni kugeuza miti, mabua, majani na makapi kuwa sukari. Sukari inayokusudiwa hapa si lazima iwe ya kutia katika chai. Ni malighafi ambayo kwayo huweza kutengenezwa spiriti ya kuendeshea mitambo, plastiki, dawa, na vitu vingine vingi ambavyo aghalabu hutokana na mafuta ya petroli. Njia mojawapo ya kufanya hivyo ni kutumia chembe ndogo mno za metali zilizotandazwa juu ya kitu kigumu kingine.

Makala haya hayakusudii kufundisha kemia. Yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyojipatia maneno ya kazi hiyo, neno moja baada ya jingine, na kuonyesha mahali ambapo pengo lingalipo. Jambo tunalotaka kulithibitisha ni moja: istilahi njema ya sayansi ni ile inayomwambia msomaji kitu kinafanya kazi gani, na kwamba kikiisha kuifanya kazi hiyo kinabaki au kinatoweka. Mfasiri asiyelizingatia hilo huweza kuandika sentensi iliyo safi kwa sarufi, lakini ikampotosha mwanafunzi, mama mlezi au mtumishi wa serikali anayeitegemea.

Tumeichagua Dar es Salaam iwe uwanja wa maelezo yetu kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu ndio umekuwa karakana kuu ya istilahi za Kiswahili nchini. Pili, katikati yake limo soko la Kariakoo, ambamo nafaka, miwa, ndizi na mkaa hupita kila siku, na ambalo jina lake lenyewe, kama tutakavyoona, lina somo kwa mwanaistilahi.

1. NENO LA JIKONI: KIMEA

Muda mrefu kabla ya maabara, wananchi wa nchi hii walikuwa wakigeuza nafaka kuwa sukari. Mtengenezaji wa togwa huchukua ulezi, akauloweka, akauacha uchipue, kisha akauanika na kuusaga. Unga huo ndio uitwao kimea. Halafu hupika uji mzito wa mahindi au mtama, akaungoja upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo akautia kimea. Baada ya muda ule uji mzito huwa mwepesi, na uliokuwa chapwa huwa mtamu. Wachaga hutumia kimea cha ulezi katika kutengeneza mbege, na makabila mengine mengi yana pombe zao zenye asili hiyo hiyo.

Neno hili limetokana na kitenzi "mea". Kimea ni kile kilichomea. Kwa hiyo neno linatueleza kitu kimetoka wapi, wala halituelezi kinafanya nini. Hata hivyo watumiaji wake wanaijua kazi hiyo barabara: wanajua kwamba kimea kidogo hulegeza chungu kizima, na kwamba uji ukiwa wa moto mno kimea "hufa". Maarifa hayo mawili ndiyo msingi wa elimu ya vimeng'enya, nayo yalikuwamo jikoni bila ya kitabu.

Huko Ulaya nako elimu hii ilianza kwa kimea. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa katika kimea cha shayiri kitu kinachovunja wanga kuwa sukari, wakakiita diastasi. Hicho kinahesabiwa kuwa kimeng'enya cha kwanza kupata kutengwa na mwanasayansi. Tofauti kati yao na mtengenezaji wetu wa togwa si kwamba wao walikiona kitendo na yeye hakukiona. Tofauti ni kwamba wao walikitenga kile kinachotenda, wakakipa jina lake pekee.

Neno kimea lilirudi katika sayansi hapa Dar es Salaam kwa njia ya lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikabiliwa na tatizo linalojulikana na kila mlezi: uji ukiwa mzito mtoto mchanga hawezi kuumeza wa kutosha, ukiongezwa maji unamezeka, lakini tumbo hujaa kabla ya mwili kupata nguvu unazohitaji. Mwaka 1983 watafiti A. C. Mosha na U. Svanberg walichapisha matokeo ya kazi yao iliyoonyesha kuwa unga wa nafaka iliyochipuzwa, ukitiwa kidogo katika uji mzito, huulainisha bila ya kuupunguzia chakula. Ushauri wa kutumia unga wa kimea ukaenezwa kwa wazazi.

Tuangalie jambo hili kwa jicho la istilahi. Kama wataalamu wangalibuni neno jipya la kigeni kwa unga ule, ingalibidi kwanza kumfundisha mama neno, ndipo afundishwe uji. Kwa kuwa neno lilikuwapo, fundisho lilikuwa moja tu. Hapa uhai wa mtoto ulikuwa mizanini, na neno la jikoni lilikuwa sehemu ya dawa.

2. KARAKANA YA ISTILAHI

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iliweka makao yake ya kwanza Dar es Salaam. Baadaye ilihamahama: ikaenda Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, hata ikarejea Dar es Salaam na kuunganishwa na Chuo Kikuu mwaka 1964. Hiyo ndiyo asili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali.

Uamuzi huo wa 1967 ndio ulioleta haja. Mwalimu wa darasa la sita alitakiwa asimame mbele ya watoto na kueleza mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili, siku hiyo hiyo, bila ya kungoja kikao cha kamati. Kuanzia miaka ya 1970 Baraza lilitoa orodha za maneno katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kwa hiyo maneno ya elimu ya msingi yaliota mizizi.

Ya elimu ya sekondari hayakupata bahati hiyo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza katika taarifa yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba istilahi nyingi za kemia zilibuniwa, zikachapishwa, kisha zikakaa kamusini kama vyombo vipya ambavyo havijapata kupikiwa. Istilahi isiyotumika haipatikani kasoro zake wala haisahihishwi.

Kimeng'enya ni mfano wa neno lililotumika na kufaulu. Limetoka katika kitenzi "meng'enya", yaani kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo. Neno la Ulaya, lililobuniwa na Mjerumani Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870, limetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "ndani ya chachu". Waliobuni neno letu hawakufasiri Kiyunani, walitazama kazi. Diastasi iliyomo katika kimea ni kimeng'enya kwa kila hali, maana inaumeng'enya wanga ukawa sukari. Dosari ya neno hili ni kwamba si vimeng'enya vyote vinavyovunja. Viko vinavyounga, kama vile vile ambavyo mmea huvitumia kujijengea nyuzi zake. Mwalimu hana budi kulieleza hilo mapema, lakini si sababu ya kulitupa neno lililokwisha kukubalika.

3. KICHOCHEO NA MASHAKA YAKE

Mwaka 1835 mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alikusanya pamoja matukio mengi yaliyokuwa yakijulikana mbalimbali: asidi inayogeuza wanga kuwa sukari, diastasi ya kimea, na madini ya platinamu yanayoiwezesha gesi ya hidrojeni kuwaka bila ya kiberiti. Katika yote hayo aliona jambo moja. Kuna kitu kinachosababisha mabadiliko ya vitu vingine, na chenyewe hakitumiki kwa kuliwa na mabadiliko hayo. Alikipa kitendo hicho jina lenye asili ya Kiyunani, ambalo maana yake ni kulegeza au kufungua.

Lugha nyingine hazikufuata zote njia hiyo. Waarabu walichagua neno lenye maana ya kuhimiza. Wachina nao walichagua kuhimiza mageuzi. Wajapani waliunga maneno mawili, kugusa na mshenga. Yaani kitu kinachowaunganisha wengine kwa kuwagusa. Sisi tulichagua kuchochea, tukapata kichocheo.

Neno hili limewahi kutiliwa shaka kwa sababu tatu. Ya kwanza ni ya kisiasa: "mchochezi" na "uchochezi" ni maneno ya lawama, na uchochezi ni kosa katika sheria. Ya pili ni kwamba neno limebebeshwa mizigo mingi. Waandishi wa afya huziita homoni vichocheo, wachumi husema vichocheo vya uzalishaji, na wanabiolojia hulitumia kwa kitu kinachoamsha fahamu. Ya tatu ni nzito zaidi: anayechochea moto husukumiza kuni, na kuni huungua zikaisha, hali kichocheo cha kemia hakiishi.

Shaka ya tatu inajibika kwa sarufi. Umbo la "ki-...-o" katika Kiswahili hutaja chombo cha kufanyia kazi: kifuniko hufunikia, kizibo huzibia. Basi kichocheo si kuni zinazochochewa, bali ni kile kijiti ambacho mpishi huzisogezea kuni. Kijiti hicho hakihesabiwi kuwa kuni, ingawa ncha yake huungua polepole, na siku moja hubidi kibadilishwe. Hali ya vichocheo vya viwandani ni hiyo hiyo: haviliwi na mabadiliko, lakini huchoka, hushikwa na uchafu, na hatimaye hubadilishwa. Kwa hiyo neno ni sahihi kuliko lilivyodhaniwa, mradi mwalimu aeleze asili yake. Akitaka mfano wa pili, anaye mshenga, mtu wa kwetu kabisa: huenda huku na huku hata ndoa ikafungwa, naye hurudi kwake kama alivyokuja.

Shaka ya pili haijibiki kwa urahisi. Dawa yake ni kulisindikiza neno kwa sifa: kichocheo cha kemia, kichocheo cha metali, kichocheo cha asidi. Na homoni ziachwe ziitwe homoni.

4. WANGA, SELULOSI NA TUNGAMOTAKA

Kabla ya kuifikia metali, yatubidi tujue ni nini kinachogeuzwa. Hapa mkanganyiko ni mkubwa zaidi.

Wanga kwa asili lilikuwa jina la unga mweupe laini, ambao hata nguo zilitiwa ili zinyooke. Vitabu vya shule za msingi vililichukua neno hilo na kulifanya jina la kundi zima la vyakula vya kutia nguvu, pamoja na sukari yenyewe. Kwa hiyo neno moja likawa jina la sehemu na jina la jumla. Ukimwambia mwanafunzi aliyefunzwa hivyo kwamba "wanga hugeuzwa kuwa sukari", anaweza kujibu kwa haki kwamba sukari ni wanga tayari.

Mwaka 1838 Payen, yule yule wa diastasi, alikitambua kitu kilichojenga kuta za mimea yote, akakiita selulosi. Wanga na selulosi ni ndugu. Vyote viwili ni minyororo mirefu ya glukosi, na vyote huweza kuvunjwa kwa msaada wa maji, kitendo kiitwacho hidrolisisi. Lakini viungo vya minyororo hiyo vimefungwa kwa namna mbili tofauti. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya muhogo uwe chakula na mti wake uwe kuni. Vimeng'enya vya kimea na vya tumbo la binadamu huufungua wanga, lakini selulosi huwashinda. Ng'ombe na mchwa huiweza kwa msaada wa vijidudu wanaoishi matumboni mwao. Mfasiri anayeandika "wanga wa mbao" kwa kukwepa neno selulosi anafuta tofauti iliyo kiini cha sayansi yote tunayoizungumzia. Mkulima akisoma kwamba mabua yana "wanga" atauliza kwa nini basi asiyatilie kimea akapata togwa.

Neno la tatu ni "tungamotaka", ambalo siku hizi huonekana katika maandishi ya serikali kuhusu nishati. Limeundwa kwa "tungamo", yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na "taka". Neno ni fupi na linatamkika. Walakini linatoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa. Maada inayotokana na viumbe hai si taka zote. Miti ya msituni si taka, na wala kuni na mkaa, ambavyo Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unakusudia kuvipunguza, havinunuliwi kama taka. Makapi ya miwa katika viwanda vya Kilombero na Mtibwa huchomwa ili kuendesha mitambo ya kiwanda. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni mali. Maganda ya ndizi na mabua yanayoondolewa Kariakoo ni taka kwa anayeyazoa, lakini ni malighafi kwa anayejua kuyavunja. Mradi ulioandaliwa kwa ajili ya jiji katika miaka ya 1990 wa kupata gesi kutokana na taka uliitwa Takagas, na jina hilo lilikuwa la haki, kwa sababu kilichokusudiwa kilikuwa taka hasa. Pale ambapo maandishi yanazungumzia maada yote ya mimea, mtumishi wa serikali atakuwa salama zaidi akiandika "tungamo la mimea", na kuliacha "tungamotaka" kwa makapi na mabaki.

5. METALI NA KIBEBEO CHAKE

Selulosi ilipata kuvunjwa kwa asidi tangu zamani. Mwaka 1811 Gottlieb Kirchhoff aligeuza wanga kuwa sukari kwa asidi huko St. Petersburg, na mwaka 1819 Henri Braconnot wa Ufaransa alipata sukari kutokana na vitambaa vya kitani kwa asidi ya salfa. Njia hiyo inafaulu, lakini asidi hula vyombo, ni shida kuitenga na sukari, na mabaki yake huwa sumu.

Metali ilikuja kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa Paul Sabatier alionyesha kuwa unga wa nikeli huweza kuunganisha hidrojeni na vitu vya asili ya viumbe. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1912. Mafuta ya mimea yaliyogandishwa na kutiwa katika makopo, ambayo yamejulikana kwa miaka mingi katika maduka ya mitaa ya Kongo na Msimbazi, ni matunda ya ugunduzi huo. Katika miaka ya 1950 Aleksei Balandin na wenzake katika Urusi ya Kisovieti walijaribu kuigeuza selulosi kwa metali ya rutheni iliyowekwa juu ya mkaa, wakisaidiwa na asidi. Mwaka 2006 Atsushi Fukuoka na Paresh Dhepe, wakifanya kazi Japani, walitangaza kuwa wameiondoa asidi hiyo. Walichanganya selulosi na maji, wakatia platinamu au rutheni iliyotandazwa juu ya yabisi kama alumina, wakashindilia hidrojeni na kupasha moto hadi nyuzi 190 za Selsiasi. Walipata sorbitoli na manitoli, na katika jaribio lao bora mapato yalikuwa kama theluthi. Mwaka 2010 kundi la Fukuoka lilieleza jinsi rutheni juu ya mkaa wenye vinyweleo ilivyotoa glukosi yenyewe.

Hapa pana mtego kwa mfasiri. Sorbitoli na manitoli si sukari hasa. Ni jamii ya vitu ambavyo wanakemia huviita alkoholi za sukari. Sorbitoli hutumika katika dawa za meno na katika peremende, wala hailevyi. Mwenye kufasiri neno kwa neno akaandika "pombe ya sukari" atawatia wasiwasi wasomaji wengi bila ya sababu. Afadhali vitajwe kwa majina yao.

Pengo kubwa, hata hivyo, ni lile yabisi ambalo metali hutandazwa juu yake. Rutheni na platinamu ni ghali mno. Kipande kizima kina faida ndogo, kwa kuwa ni uso wake tu unaofanya kazi. Kwa hiyo metali hunyunyizwa kwa chembe ndogo mno juu ya yabisi lenye vinyweleo, ili gramu moja ipate uso mkubwa, na chembe zisigandamane. Yabisi hilo tuliiteje?

Maneno yanayoweza kufikiriwa ni manne. "Mhimili" limekwisha kushikwa na hesabu, na siasa pia ina mihimili yake ya dola. "Tegemeo" linaleta fikra ya utegemezi. "Tandiko" linasema vizuri kwamba kitu kimetandazwa, lakini linalionyesha yabisi kama kitu kilicholala tu. La nne ni "kibebeo", nalo ndilo tunalolipendekeza.

Wajerumani huliita yabisi hilo kwa neno "Träger", yaani mbebaji, na neno hilo hilo ndilo walilolitumia kwa wapagazi wa misafara katika enzi ya utawala wao hapa nchini. Waingereza nao hulitumia neno la mbebaji kwa maana hiyo, nalo ni lile lililo katika jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam Septemba 1916, kambi ya kikosi hicho iliwekwa mahali ambapo wananchi walipaita Kariakoo; Nairobi nako pana Kariokor yenye asili hiyo. Mamia ya maelfu ya watu walibeba vyakula na risasi za vita hivyo, na wengi hawakurudi makwao. Leo jina la Kariakoo hulifikirisha soko: lile lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 8 Desemba 1975, na likaungua Julai 2021. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo lina maana ya kubeba.

Somo la Kariakoo kwa mwanaistilahi ni la pande mbili. Upande mmoja, linaonyesha kuwa Kiswahili kina uwezo wa kumeza sauti ngeni na kuzipa irabu zake, kama kilivyofanya baadaye kwa selulosi, glukosi na sorbitoli. Majina ya vitu yanafaa kuchukuliwa hivyo. Upande wa pili, linaonyesha hasara yake: neno likimezwa kwa sauti tu, maana hufa baada ya kizazi kimoja. Majina ya kazi, kama kuchochea na kubeba, yafaa yatoke katika mizizi yetu wenyewe, ili maana ibaki hai.

Kibebeo kina sifa nyingine. Uchunguzi wa kundi lile lile la Japani ulionyesha kuwa mkaa unaobeba metali husaidia wenyewe kuivunja selulosi. Mbebaji basi si mtazamaji. Naye ana sehemu yake katika kazi. "Tandiko" lisingaliweza kuibeba maana hiyo.

Lakini mfasiri ajihadhari na kitenzi. Akisema "kichocheo kilichobebeshwa" atakuwa ameigeuza habari, maana anayebebeshwa ndiye anayetwishwa mzigo. Kinachobebeshwa ni mkaa, metali hubebwa. Kwa hiyo ni sahihi kusema "metali iliyobebwa", "kibebeo kilichobebeshwa metali", au kwa jumla "kichocheo cha metali chenye kibebeo".

Isidhaniwe kuwa maneno haya hayana wa kuyatumia hapa nchini. Mwaka 2001 Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alichapisha kazi juu ya kichocheo cha paladi kilichobebwa na silika. Baadaye amejulikana pia kwa kazi zake juu ya kimiminiko cha maganda ya korosho, zao la Mtwara na Lindi, kama malighafi ya kemia. Kazi hizo zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye shamba la korosho, ambaye maganda ni yake, hana maandishi ya kumweleza kwa lugha yake ni kitu gani kimepatikana ndani ya maganda hayo.

6. MAPENDEKEZO

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wayafikirie mambo yafuatayo:

(a) Neno kimea liendelee kutumika katika maandishi ya lishe na ya sayansi pia, likiwa jina la nafaka iliyochipuzwa, na kimeng'enya kiwe jina la kile kinachotenda ndani yake.

(b) Kichocheo kiandikwe pamoja na sifa yake, na asili ya neno ielezwe darasani.

(c) Wanga liwe jina la wanga peke yake. Kundi lote liitwe kabohaidreti. Na selulosi isiitwe wanga kwa hali yoyote.

(d) Tungamo la mimea litofautishwe na tungamotaka, hasa katika mikataba na miongozo, ambamo kuita kitu taka kunaweza kumnyima mwenyewe bei yake.

(e) Kibebeo kijaribiwe katika maandishi. Likionekana lina kasoro, Baraza lipelekewe jingine lililo bora, pamoja na sababu zake.

Maneno manne kati ya hayo matano yalikuwapo kabla ya makala haya kuandikwa, na kilichopungua ni matumizi tu. Mtengenezaji wa togwa hakulihifadhi neno kimea kwa kuliandika orodhani. Alilihifadhi kwa kulitumia kila alipobandika chungu. Walimu wa kemia na watafsiri wa wizara nao wafanye hivyo.